Ulimi, Kamera na Bili: Mnauliza Kuhusu Mhakiki wa Vyakula wa Televisheni

Toleo lililopita tuliomba maswali kuhusu kazi ya mhakiki wa vyakula wa televisheni: yule anayeketi mbele ya sahani, anaonja vijiko viwili, kisha anatamka neno linaloweza kuujaza mgahawa au kuufunga. Barua nyingi zimeichukulia kazi hii kuwa ni ya ulimi. Ulimi ni sehemu yake ndogo. Mtazamaji yupo sebuleni, hanusi wala haonji, na kesho huenda akatoa pesa yake kwa kumwamini mtu huyu. Majibu yetu yanaanzia hapo.

Nimemaliza kidato cha sita. Napenda kula na rafiki zangu wanasema nina ulimi. Nataka kuwa mhakiki wa vyakula kwenye TV. Nisomee upishi au uandishi wa habari? (Msomaji, Morogoro)

Anza na kalamu. Wengi waliotamba kwenye skrini walifika huko wakiwa na jina tayari katika maandishi. Jay Rayner, anayeonekana mara kwa mara kwenye meza ya wahakiki wa MasterChef ya Uingereza, shindano la upishi la televisheni, alikuwa mwandishi wa makala za kila aina kabla ya kupewa safu ya migahawa ya gazeti la Observer mwaka 1999. Matt Preston aliandika juu ya vyakula katika The Age la Melbourne kabla hajawa mwamuzi wa MasterChef Australia, kiti alichokikalia kuanzia 2009 hadi 2019. Asako Kishi, yule bibi mtulivu aliyekuwa mwamuzi wa Iron Chef, shindano la wapishi la Japani la miaka ya 1990, alitokea kwenye lishe na uhariri wa magazeti. Jonathan Gold wa Los Angeles, mhakiki wa kwanza wa chakula kupata Tuzo ya Pulitzer (2007), alisoma muziki, akaingia gazetini kama msahihishaji wa prufu.

Gold alifanya jambo ambalo kijana yeyote anaweza kuliiga kwa kipimo cha mfuko wake: alichagua barabara moja ndefu, Pico Boulevard, akajipangia kula katika migahawa yake yote. Wewe chagua barabara moja na chakula kimoja, tuseme supu ya ng'ombe na chapati. Kula kila mahali kinapouzwa, na kila mara andika mambo yaleyale: saa uliyofika, bei, muda wa kusubiri, kama supu ilikuwa ya moto au vuguvugu, chapati ilichanika kwa tabaka au ilikatika kama mkate, na ulichobakiza kwenye bakuli. Hilo la mwisho wengi hulisahau, nalo ndilo linalosema kweli. Baada ya bakuli kumi na tano utajua supu ya mifupa iliyochemka tangu alfajiri inatofautianaje na ile iliyonenepeshwa kwa unga na kiungo cha pakiti. Mtu aliyekula bakuli moja hajui. Ana maoni tu.

Cheti cha upishi si lazima, lakini kujua kosa linatokea wapi ni lazima. Zoezi moja: katakata nusu kilo ya vitunguu, vikaange kwenye mafuta kwa moto wa wastani, na toa kijiko kimoja kila baada ya dakika 5 mpaka viwe vyeusi. Panga vijiko hivyo kwa mstari, uonje. Cha mwanzo kina maji na ukali, cha katikati kina utamu, cha rangi ya kahawia kina harufu ya pilau, na baada ya hapo uchungu unaingia upesi sana. Ukishaujua mstari huo, siku utakapoletewa pilau nyeusi yenye uchungu utajua kosa ni la vitunguu na si la viungo, na utalisema kwa uhakika. Rudia zoezi hilo kwa kitunguu saumu, ambacho huungua mapema zaidi, na kwa tui la nazi.

Kila anayeonja kwenye TV zetu anasema "mmh, tamu balaa". Mhakiki wa kweli aseme nini? (Msomaji, Kigamboni)

Aseme kilichotokea, kilitokea wapi ndani ya sahani, na kwa nini. Lakini hawezi kusema kama hajaonja kwa mpango.

Kabla ya kukata, tazama na nusa. Tonge la kwanza liwe la kitu chenyewe bila kachumbari wala pilipili. Tafuna mdomo ukiwa umefungwa, mara nane hadi kumi, kisha shusha pumzi kwa puani, kwa sababu sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni harufu inayopanda puani kwa njia ya koo. Jaribu mwenyewe: bana pua, tafuna kipande cha embe. Utapata utamu na uchachu tu. Achia pua, embe linarudi. Ulimi wenyewe husoma mambo matano: tamu, chumvi, chachu, chungu, na ule utamu wa mchuzi mzito ambao Mjapani Kikunae Ikeda aliupa jina la umami mwaka 1908, unaopatikana kwa wingi kwenye dagaa, nyanya zilizoiva sana na uyoga mkavu. Ile ramani ya shuleni kwamba ncha ya ulimi ni ya sukari na nyuma ni ya uchungu si kweli. Pilipili nayo si ladha, ni maumivu, na maji hayaiondoi. Maziwa au mtindi ndiyo dawa.

Chukua samaki wa kupaka. Unaweza kusema "samaki mtamu" na mtazamaji asijue lolote. Au unaweza kusema hivi: "Tui limeshika ngozi, kingo zimeungua kidogo, ndimu inakuja mwishoni. Lakini nyama ya karibu na mfupa bado inang'ang'ania. Angesogezwa kwenye makaa ya taratibu kwa dakika tatu au nne angeiva." Hapo mpishi kasifiwa panapostahili, kaelezwa kosa, na aliyeko nyumbani kapata somo. Makosa ya samaki huyu yanajulikana. Tui lililochemshwa kwa moto mkali bila kukorogwa hukatika, mafuta yakaelea juu na chengachenga zikabaki. Likipakwa kabla samaki hajakauka juu ya jiko hudondokea makaani, na unachokula ni moshi wa nazi. Ndimu iliyopikwa muda mrefu huleta uchungu. Inatakiwa iingie karibu na mwisho.

Msamiati tunao wa kutosha: chapwa, dufu, chumvi imekolea au haijakolea, ukakasi wa ndizi mbichi, ganzi ya karafuu zilizozidi kwenye pilau. Mafuta yaliyorudiwa mara nyingi hunata kwenye kaakaa na huacha harufu kama ya rangi ya mlango. Mhakiki anayetoka kwenye kibanda cha chipsi bila kuligusia hilo alikwenda kutalii.

Kwenye mashindano ya upishi, sahani zinakaa mezani huku mtangazaji anazungumza. Chakula si kimeshapoa? Sasa hukumu ni ya nini? (Msomaji, Nakuru)

Kimepoa, ndiyo. Washiriki kumi wanamaliza kwa wakati mmoja, kila sahani inapigwa picha ya karibu, taa zinasogezwa, kisha wanaitwa mmoja mmoja. Wa mwisho anaweza kusubiri sana. Ndiyo maana waamuzi makini huzunguka majikoni kabla ya kengele, kijiko mkononi, wakionja mchuzi ukiwa sufuriani na nyama inapotoka kwenye moto, na kuandika papo hapo. Tonge unaloliona mbele ya kamera mara nyingi ni la kuthibitisha tu.

Kuna visivyosubiri hata hivyo. Vya kukaanga hupoteza ukavu wake ndani ya dakika kumi hivi, maana mvuke wa ndani hutoka na kulainisha ganda. Mafuta ya mbuzi na kondoo huanza kuganda sahani ikiwa bado vuguvugu, yakaacha utando kwenye meno. Joto lenyewe pia hugeuza ladha: aiskrimu iliyoyeyuka huonekana ina sukari nyingi kuliko ilivyokuwa baridi, na supu inayounguza huufanya ulimi usiipime chumvi vizuri. Kwa hiyo sahani zote zionjwe zikiwa na joto moja, la sivyo unalinganisha saa ya ukutani.

Mkitengeneza kipindi chenu, agizeni sahani mbili. Moja ni ya picha, haiguswi; nyingine iletwe mhakiki akiwa ameshavaa kipaza sauti na taa zimewekwa. Taa iwe nyuma ya sahani upande mmoja, na ukuta wa nyuma uwe mweusi, vinginevyo mvuke hauonekani. Zimeni taa za mirija za mgahawa, kwa sababu kamera huzisoma kijani na nyama ikaonekana ya juzi. Mhakiki ale tonge dogo analoweza kulimeza upesi, ameze kwanza, ndipo aseme: kipaza sauti cha kifuani hunasa kila mtafuno. Kama mwongozaji anataka tonge lirudiwe, kata jipya upande uleule wa sahani, ama sivyo mshikaki utakuwa na vipande vitatu, kisha viwili, kisha vinne, na watazamaji wataliona hilo kabla ya kusikia neno lolote.

La usalama: Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa mbili, na cha kuwekwa moto kiwe juu ya nyuzi 60. Wali uliopigwa picha asubuhi msiule jioni. Vijidudu vya wali vinastahimili kuchemshwa, na kuupasha upya hakuondoi sumu ambayo vimeshaiacha.

Anayeonja sahani kumi na mbili kwa siku, mwili unabebaje? (Msomaji, Bujumbura)

Kwa vijiko. Gramu 25 hadi 30 kwa sahani, mara kumi na mbili, ni gramu 300 hadi 360, mlo wa kawaida tu. Aanze na visivyo na ukali, pilipili na moshi vifuate, vya sukari mwisho. Katikati maji yasiyo baridi na kipande cha mkate mkavu. Soda na kahawa hapana. Asiende na njaa kali, kwani mwenye njaa husifu kila kitu, na asipake manukato siku ya kazi.

Mhakiki wa migahawa ana shida kubwa zaidi, maana yeye hula milo mizima, usiku, mwaka baada ya mwaka. Pete Wells alikuwa mhakiki wa New York Times tangu 2012, na mwaka 2024 aliiacha nafasi hiyo, akieleza wazi kwamba vipimo vya sukari, lehemu (kolesteroli) na shinikizo la damu vilikuwa vibaya. Anayeitaka kazi hii apime hivyo vitatu kabla ya kuanza na kila mwaka.

Mhakiki wa TV anajulikana sura. Mpishi akimwona si atampikia vizuri zaidi? (Msomaji, Mwanza)

Atajaribu. Ushahidi mzuri ni wa mwaka 1993. Ruth Reichl wa New York Times alikwenda Le Cirque, mgahawa wa kifahari wa New York, akiwa amejibadilisha sura, akasubirishwa na kutojaliwa. Alipokwenda tena akatambuliwa, alipewa meza mara moja, na hata rasiberi za kitindamlo zilikuwa kubwa mara tatu. Alichapisha safari zote mbili pamoja, na mgahawa ukashuka kutoka nyota nne za gazeti hilo hadi tatu. Gael Greene wa jarida la New York alijificha chini ya kofia pana, na kofia hiyo hakuiacha hata alipokuwa mwamuzi wa shindano la televisheni la Top Chef Masters. Siku hizi wengi wameona kujificha hakuna maana: Jonathan Gold aliweka picha yake hadharani mwaka 2015, na New York Times wenyewe mwaka 2025 walizionyesha hadharani sura za wahakiki wao wakuu wawili, kwa sababu sasa wanaonekana kwenye video.

Tunavyoona sisi, kinachohitajika ni kujua jiko linaweza kubadilisha nini ghafla na nini haliwezi. Linaweza kuchagua kipande kizuri cha nyama, kuongeza kipimo, kuharakisha, kutabasamu. Haliwezi kuirudisha supu iliyochemka saa sita, unga uliokandwa jana, mchele ulionunuliwa kwa gunia, wala bei. Basi hukumu kwa vile visivyobadilika. Weka nafasi kwa jina jingine, mwenzako atangulie nusu saa na kuagiza kitu kilekile, tazama sahani za meza za jirani, na rudi siku ya Jumanne mchana wakati mpishi mkuu hayupo. Mila ya magazeti makubwa ya Marekani ni kuusubiri mgahawa mpya walau mwezi mmoja, na kwenda zaidi ya mara moja kabla ya kutoa neno.

Nina mgahawa. Kipindi kimoja kimeniambia nilipe ndipo mhakiki aje. Ni sawa? (Msomaji, Mombasa)

Mama, hilo ni tangazo. Matangazo si haramu, ila lazima yasemwe kuwa ni matangazo. Ukitaka kulipa, andikianeni mkataba unaotaja dakika za kuonekana, siku ya kurushwa, na maneno "kipindi kimedhaminiwa" kwenye skrini. Wakikataa maneno hayo, ondoka: siku watazamaji watakapojua, jina litakaloharibika ni lako. Mhakiki halisi analipiwa bili na chombo chake cha habari.

Nikisema chakula kibaya, naweza kushtakiwa? (Msomaji, Arusha)

Unaweza, na kesi zipo. Mwaka 2003 mhakiki Matthew Evans aliuponda mgahawa wa Coco Roco wa Sydney gazetini. Haukumaliza mwaka ukafungwa. Wenye mgahawa walishtaki, suala likafika Mahakama Kuu ya Australia mwaka 2007, na mwaka 2014 wakapewa fidia ya zaidi ya dola 600,000 za Australia. Evans mwenyewe alishahamia Tasmania kulima, na huko ndiko alikopata kipindi chake cha televisheni. Belfast, Ireland ya Kaskazini, nako mgahawa wa pizza ulipewa na baraza la wazee wa mahakama pauni 25,000 dhidi ya gazeti la Irish News mwaka 2007. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu, kwa hoja kwamba baraza halikuelekezwa vizuri kutofautisha taarifa na maoni.

Tofauti hiyo ndiyo kinga yako. "Nyama ilikuwa ngumu, niliacha nusu" ni maoni yanayosimama juu ya jambo ulilolishuhudia. "Nyama ilikuwa ya juzi" ni taarifa, na utatakiwa kuithibitisha. "Niliumwa tumbo baada ya kula pale" usiitamke hewani kabisa: sumu nyingine huanza kuuma ndani ya saa chache, vijidudu vya salmonela vinaweza kuchukua hadi siku tatu, kwa hiyo huna hakika ni mlo upi. Hilo mpelekee afisa afya. Tunza bili, picha zenye tarehe, na maandishi ya siku hiyohiyo. Hakikisha jina la sahani na viungo ulivyovitaja ndivyo vilivyokuwemo. Kenya, Mahakama Kuu iliifuta kashfa kama kosa la jinai mwaka 2017, lakini kesi ya madai bado inafunguliwa. Kabla ya kurusha kipindi kikali, mwanasheria akitazame.

Mimi Mwislamu, naishi Muscat. Nikialikwa kuhukumu na sahani ina divai au nguruwe? (Msomaji, Oman)

Yaandikwe kwenye mkataba kabla ya siku ya kurekodi, si mbele ya mshiriki. Waandaaji watabadili kiungo, au mwamuzi mwenzako ataitolea alama peke yake. Usikubali kutoa alama ya ladha kwa kitu usichokionja. Kwenye Iron Chef America, kwa mfano, kila mwamuzi alikuwa na alama 20: ladha 10, mpangilio wa sahani 5, ubunifu 5. Mtu anaweza kutoa za mpangilio kwa macho. Zile 10 hawezi.

Tangu niugue mafua makali sisikii harufu vizuri. Nimekwisha? (Msomaji, Pemba)

Kwanza muone daktari wa masikio, pua na koo. Kuna zoezi ambalo mtafiti Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walilipima na kulichapisha mwaka 2009: harufu nne, yaani waridi, mkaratusi, limau na karafuu, mara mbili kwa siku kwa wiki 12. Kila moja weka kwenye kichupa chake chenye mfuniko, nusa taratibu sekunde 20 hivi huku ukiifikiria harufu yenyewe, pumzika kidogo, nenda nyingine. Karafuu zako za Pemba zinafaa, ila zibadilishe zikififia. Si kila mtu hurudi kamili, na wanaorudi huchukua miezi. Wakati huo usihukumu chakula cha mtu. Fanya kazi za utafiti wa kipindi, bei na historia ya mapishi.

La haraka: mhakiki akubali soda ya bure? (Msomaji, Dodoma)

Aagize iingizwe kwenye bili. Mwenye mgahawa akikataa katakata, alipe thamani yake kama bakshishi kwa mhudumu, na aiandike.